Mwanamke na Kupasuliwa Mgongo: Kwa Nini Hubaki Nyuma Ilhali Amepata Nafuu

Hakuna maradhi duniani yanayowanyima watu kazi na raha ya maisha kwa wingi kama maumivu ya kiuno. Hesabu ya wataalamu kwa mwaka 2020 ilikuwa watu milioni 619, na makisio yao ni kwamba ifikapo mwaka 2050 idadi hiyo itafika milioni 843. Na katika kila rika wanawake ndio walio wengi kuliko wanaume. Mtu aliyekulia Kwale, Pwani ya Kenya, hawezi kuistaajabia habari hiyo, kwa kuwa ameyaona kwa macho yake yanayotendwa na mgongo wa mwanamke tangu alfajiri mpaka usiku: maji yanayotekwa mbali na kuchukuliwa kichwani katika upande wa Kinango na Lunga Lunga, matita ya kuni, nazi inayokunwa juu ya mbuzi, nguo zinazofuliwa kwa kuinama kiunoni bila ya kupiga magoti, na huko Kibuyuni, karibu na Shimoni, mashamba ya mwani ambamo wanawake hushinda wameinama wakati wa maji kupwa, wakifunga mbegu kambani na kisha kubeba hadi nchi kavu mwani mbichi uliojaa maji ya bahari.

Walio wengi miongoni mwa wenye maumivu haya hupona bila ya kupasuliwa, na ni vema jambo hilo lisemwe mapema, lisije likamtia mtu hofu bure. Uti wa mgongo katika sehemu ya kiuno una pingili 5, na baina ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu chenye ute mzito ndani yake, ambacho kazi yake ni kupokea uzito na kuuwezesha mgongo kupinda na kunyooka. Kisahani hicho kikipasuka, ute wake huweza kutoka na kuubana mshipa wa fahamu uendao mguuni, na hapo ndipo mtu huhisi maumivu yanayoanzia takoni, yakashuka nyuma ya paja mpaka unyayoni, pamoja na ganzi na pengine udhaifu wa mguu wenyewe. Madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walilieleza jambo hili kwa ushahidi mwaka 1934, na kazi yao ya kukiondoa kipande kilichotoka ndiyo asili ya upasuaji unaofanywa mpaka leo kwa vyombo vilivyo bora zaidi. Kuna na sababu nyingine zinazompeleka mtu chini ya kisu, kama vile njia ya uti wa mgongo kuwa nyembamba kwa sababu ya uzee, au pingili moja kuteleza mbele ya mwenziwe. Kuteleza huko kwa uzeeni, ambako aghalabu hutokea baina ya pingili ya 4 na ya 5, huwapata wanawake mara kadhaa zaidi kuliko wanaume, na pengine hutibiwa kwa kuziunga pingili mbili kwa parafujo za chuma hata zikawa kama mfupa mmoja.

Je, mwanamume na mwanamke waliopasuliwa kwa ugonjwa ule ule hupona sawasawa? Nchi iliyolijibu swali hili kwa subira kubwa ni Uswidi, ambako tangu miaka ya 1990 limewekwa daftari la taifa ambamo hali ya mgonjwa wa mgongo huandikwa kabla ya upasuaji, kisha huulizwa tena baada ya mwaka na miaka kupita. Uchunguzi uliochapishwa huko mwaka 2008 ulionyesha kwamba wanawake wenye kisahani kilichopasuka walifika mezani kwa mpasuaji wakiwa na maumivu makali zaidi kuliko wanaume, wakimeza dawa za kutuliza maumivu kwa wingi zaidi, na maisha yao yakiwa duni zaidi. Na baada ya upasuaji, ingawa walipata nafuu, walibaki chini ya wenzao wa kiume. Mtu mwenye haraka angetoka na hukumu kwamba mwili wa mwanamke haupokei tiba hii vema, na wako waliosema hivyo. Lakini mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi mwingine kutoka daftari lile lile, wa wagonjwa 4,780 waliokuwa wameungwa pingili na kufuatwa kwa miaka 2, na humo ikadhihirika kwamba nafuu waliyoipata wanawake haikuwa ndogo kuliko ya wanaume, bali katika vipimo vingine iliizidi kidogo. Kilichowatenga ni mahali walipoanzia. Wagema wawili wakiparaga minazi miwili iliyo sawa, kila mmoja akapanda vidato idadi moja, lakini wa pili akawa ameanzia ndani ya shimo, huyo wa pili atakuwa chini daima, na wala hapana awezaye kumlaumu kwamba hakupanda.

Mimi naliona jambo hili kuwa ndilo kubwa kuliko yote katika mas'ala haya, kwa sababu linaitoa lawama katika mwili wa mwanamke na kuipeleka katika muda uliopita kabla hajapasuliwa. Nchini Marekani mwaka 1994 madaktari walilinganisha wanaume na wanawake waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa nyonga, wa goti na wa mgongo kwa ajili ya mifupa iliyochakaa, wakaona kwamba wanawake walikuwa wamechelewa kufika: walipofikishwa kwa mpasuaji, uwezo wao wa kutembea na kujihudumia ulikuwa umeshuka kuliko wa wanaume. Na kuchelewa kuna gharama yake, kwani uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulithibitisha kwamba wagonjwa wa kisahani waliokaa na maumivu zaidi ya miezi 6 kabla ya kutibiwa walipata matokeo mabaya kuliko waliowahi, wawe wamepasuliwa au wametibiwa bila ya kupasuliwa.

Nani basi anayemchelewesha mwanamke wa kusini ya Kwale? Kwanza ni kauli za watu. Mwanamke akisema kiuno kinamuuma huambiwa ni uzazi, akisema tena huambiwa ni umri, na akisema mara ya tatu huonekana mlalamishi, hata mwenyewe akaamini kwamba maumivu ni sehemu ya maumbile yake. Hukandwa kwa mafuta ya nazi, huumikwa chuku, hununuliwa vidonge dukani. Na mimi siwadharau wakandaji wetu hata kidogo, kwani mikono yao ina faraja na walio wengi wenye maumivu ya misuli hupata afua kwao, lakini mshipa uliobanwa hata mguu ukaanza kufa ganzi hauachiliwi kwa kukandwa, na miezi inayopita katika kukandwa ndiyo ile ile inayohesabiwa dhidi ya mgonjwa baadaye. Kisha ni safari. Zahanati humpeleka Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni, na kutoka hapo aghalabu mwenye kuhitaji mpasuaji wa mgongo huelekezwa Mombasa, kwenye hospitali kuu ya Pwani ambayo wenyeji huiita Makadara, au Nairobi. Kukaa garini kwa muda mrefu ni adhabu hasa kwa mwenye kisahani kilichopasuka, kwa sababu kukaa ndiko kunakomwongezea shinikizo. Halafu yako maji ya Likoni ya kuvuka, iko nauli ya mtu wa kumsindikiza, na wako watoto wanaoachwa nyumbani. Mwanamume akishindwa kazi, nyumba nzima hukaa ikashauriana namna ya kumpeleka kwa daktari. Mwanamke akishindwa kazi, mara nyingi kazi hugawanywa kwa binti zake, na shauri la hospitali likangoja mavuno.

Si haki, hata hivyo, kuficha kwamba ziko na sababu za kimwili. Hedhi ikikoma, mifupa ya mwanamke hupoteza uimara wake kwa haraka, na mfupa dhaifu hauzishiki vema parafujo za kuungia pingili. Huzuni na wasiwasi, ambavyo wanawake wengi zaidi huvikiri wanapoulizwa, huyazidisha maumivu kwa njia zinazojulikana za ubongo na mishipa ya fahamu, na hayo hayamaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni. Upande wa pili, wanaume ndio wavutaji wa sigara kwa wingi, na sigara huzuia pingili zilizounganishwa zisishikane.

Wanaume nao wana msiba wao. Mgema anayeanguka mnazini na kijana wa bodaboda anayegongwa katika barabara ya Diani hawafiki kwa mpasuaji kwa sababu ya kisahani kilichochakaa, bali kwa pingili iliyovunjika. Na katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako majeruhi wa namna hii wamechunguzwa, idadi kubwa kabisa ni wanaume walio katika umri wa kufanya kazi. Na hata aliyepasuliwa kwa ugonjwa mwepesi zaidi huwa na tabia ya kuficha maumivu yake na kurudi kwenye mizigo kabla ya wakati, kwa kuwa chakula cha nyumba kinamtazama yeye.

Siha baada ya upasuaji hupimwa kwa kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Kipimo kinachotumika zaidi kilitungwa Oswestry, Uingereza, kikachapishwa mwaka 1980, nacho kina milango 10: ukali wa maumivu, kujihudumia, kunyanyua vitu, kutembea, kukaa, kusimama, kulala, mambo ya faragha ya ndoa, kuchangamana na watu, na kusafiri. Ni kipimo chema, lakini atakayekitumia Msambweni yampasa aulize zaidi ya kilichoandikwa. Kukaa kwa mwanamke wa huku si kukaa kitini pekee. Ni kukaa mkekani, na juu ya kibao cha mbuzi, na kuchutama chooni, na hayo yote humtesa mwenye mgongo mpya kuliko kiti. Kunyanyua vitu maana yake ni ndoo ya lita 20 kutoka chini hadi kichwani. Na kwa Mwislamu kuna rukuu na sijida mara kadhaa kila siku, ambazo mgonjwa huzikosa kwa uchungu mkubwa wa moyo, naye mara nyingi hatamwambia daktari. Hapo ni wajibu wa daktari na wa imamu pia kumkumbusha kwamba dini imemruhusu asali akiwa amekaa kitini, na asiyeweza kukaa alale ubavu. Mlango wa ndoa nao hurukwa kwa sababu ya haya, na matokeo yake ni mke anayevumilia maumivu usiku na mume asiyejua. Muuguzi wa kike au somo mwenye busara angeweza kulizungumza jambo hilo kwa dakika chache, likampunguzia mtu miezi ya dhiki.

Sasa nifike pale ambapo watu wa Pwani wana hazina kuliko Uswidi. Madaktari walio wengi huagiza kwamba kwa muda wa wiki 6 hivi mtu aliyepasuliwa mgongo asinyanyue kizito, asiiname wala asijipinde kiuno, na aliyeungwa pingili huongezewa muda hata miezi 3. Katika muda huo huo huagizwa atembee kila siku, kidogo kidogo, kuanzia siku za mwanzo kabisa, na afuate mazoezi atakayofundishwa na mtaalamu wa viungo, kwa maana kulala kitandani mchana kutwa kunadhoofisha misuli inayoushika mgongo. Wiki 6 ni siku 42. Sisi tunayo desturi ya arubaini ya uzazi, ambayo kwayo mzazi hapiki, hatwangi, hateki maji, na mama yake, wifi zake na mavyaa wake huishika nyumba kwa zamu bila ya mtu kunung'unika, kwani kila mmoja anajua kwamba mwili ule umetoka vitani. Mwanamke aliyepasuliwa mgongo hapewi hata wiki moja ya heshima hiyo. Hurudi nyumbani na kovu lililofichwa chini ya kanga, hana mtoto wa kuwaonyesha wageni, na kwa kuwa anaonekana akitembea uani watu husema amekwisha kupona. Siku ya kumi anakuna nazi, siku ya kumi na tano ana ndoo kichwani. Nafuu iliyogharimu fedha nyingi na hatari ya kisu hupotea jikoni. Mimi sioni sababu yoyote, ya dini wala ya mila, ya kumnyima huyu naye arubaini ile, na nawaomba wahudumu wa afya wa jamii wanaozunguka vijijini walifikishe shauri hili kwa mavyaa na waume kabla mgonjwa hajarudi kutoka hospitali.

Kwa bibi au binti anayesoma haya, au anayesomewa: maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, ambayo hayakupungua kwa wiki 6, si ya kungojea, nenda Msambweni au hospitali iliyo karibu nawe, sema maumivu yalianza lini na yanakuzuia kazi gani, na usikubali jibu kwamba ni uzazi kabla hujapimwa. Hakikisha umejiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa ile bima ya zamani ya NHIF tangu Oktoba 2024, kabla haja haijafika. Na endapo utaona mkojo unakutoka bila ya wewe kujua au umekataa kutoka, au ganzi imeingia sehemu zile zinazogusa tandiko mtu anapopanda punda, au miguu yote miwili inalegea, usiseme ni kwa sababu ya kuzaa mara nyingi wala usione haya kulitaja: hapo fungu la mishipa ya fahamu limebanwa, upasuaji wake ni wa dharura, na mtu hupelekwa hospitali usiku huo huo.