Sindano ya ganzi kwa maumivu ya kichwa na uso

Ukiumwa na kichwa miezi nenda miezi rudi na vidonge visifue dafu, huenda daktari akakushauri udungwe sindano ya ganzi kwenye mshipa wa fahamu. Usishtuke. Dawa yenyewe, lignokaini, ni ileile unayodungwa kabla ya kung'olewa jino. Tofauti ni mahali inapowekwa, na hapo hutegemea maumivu yanakoanzia.

Maumivu yanayoanzia kisogoni na kupanda hadi utosini hutibiwa kwa sindano ya kisogoni. Hii ndiyo rahisi zaidi: haihitaji eksirei wala kulazwa. Ganzi huisha baada ya saa chache, lakini nafuu yaweza kudumu majuma kadhaa. Husaidia pia baadhi ya wenye kipandauso.

Kwa maumivu makali ya nyuma ya jicho moja, jicho likitoka machozi na pua ikiziba, dawa yaweza kupitishwa puani kwa kijiti chenye pamba, bila kudungwa. Daktari Mmarekani, Greenfield Sluder, aliieleza mbinu hii mwaka wa 1908. Nafuu yake mara nyingi ni ya muda mfupi.

Uso ndio unaonitia wasiwasi. Kuna maumivu ya shavu au taya yanayopiga kama shoti ya umeme, sekunde chache tu, unaponawa, unapopiga mswaki au upepo unapokugusa. Mgonjwa hudhani ni jino. Hung'oa moja, kisha la pili na la tatu, na maumivu yako palepale, kwa kuwa ugonjwa umo katika mshipa wa fahamu wa uso. Kabla ya kukubali kung'olewa jino lisilooza, muulize daktari kuhusu mshipa huo.

Tiba ya kwanza hapa si sindano bali vidonge vya karbamazepini, kwa agizo la daktari. Usivitupe ukisikia ni dawa ya kifafa. Hutibu yote mawili. Vikishindwa, mtaalamu aweza kupitisha sindano shavuni hadi kwenye shina la mshipa, akiongozwa na eksirei, na kuuchoma kwa joto au kemikali. Nafuu yaweza kudumu miaka, lakini uso waweza kubaki na ganzi, na jicho lisilohisi vumbi hudhurika upesi.

Kichwa kinachoanza ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au kinachoandamana na homa na shingo kukakamaa, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hakingojei sindano ya ganzi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.