Bampa Likichubuka: Kopo la Spreya, Fundi au Bampa la Mtumba?

Katika foleni za Dar es Salaam, bampa ndilo linaloumia kwanza. Bajaji inajipenyeza, pikipiki inakwangua kona, na nguzo fupi ya maegesho haionekani hadi usikie imegusa. Mwenye gari akiuliza gharama ya kurudisha rangi, hupata majibu yasiyofanana hata kidogo. Jirani anamwambia anunue kopo la spreya amalize mwenyewe Jumapili. Fundi anamtajia bei inayopanda na kushuka kulingana na gari alilokuja nalo. Muuza spea wa mtaa wa Gerezani anamshauri aachane na hilo bampa na achukue jingine lililotoka Japani, la rangi ileile.

Wengi hupima gharama kwa urefu wa mkwaruzo. Mimi naona kipimo cha kwanza ni namba ya rangi, kwa sababu magari mawili yenye mkwaruzo unaolingana yanaweza kutofautiana gharama mara mbili.

Namba hiyo iko kwenye bati dogo au stika. Kwenye Toyota itafute kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, penye maandishi C/TR au COLOR. Herufi na tarakimu zinazotangulia mkwaju (/) ndizo za rangi ya bodi, na zinazofuata ni za rangi ya ndani. Nissan, Honda, Mazda na Subaru nazo zina bati au stika ya aina hiyo. Toyota yenye 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi ya kawaida, 1F7 ni silva ya metaliki, na 070 ni nyeupe ya lulu. Ukimwambia muuza rangi “nataka nyeupe ya Toyota”, hujamwambia kitu, maana 040 na 070 zote ni nyeupe, na moja ikipakwa pembeni ya nyingine hata mtoto ataona.

Rangi za kawaida, kama hizo 040 na 202, hazina chembechembe ndani. Zikichanganywa sawasawa zitatokea sawasawa, awe amezipiga fundi mzoefu au mtu anayejifunza. Metaliki ina vipande vidogo mno vya alumini, na hapo mkono wa mpigaji unaingia kwenye hesabu. Ukipiga ukiwa karibu, rangi ikatua ikiwa majimaji, vipande huzama na rangi huonekana nyeusi kidogo. Ukipiga kwa mbali, ikatua karibu imekauka, vipande hukaa juu na rangi hung'aa kupita kiasi. Kopo ni lilelile, ila matokeo ni rangi mbili. Nyeupe ya lulu ndiyo ngumu kuliko zote: kwanza nyeupe ya chini, kisha tabaka la lulu lenye kupitisha mwanga, kisha klia, yaani tabaka angavu la juu. Mkono mmoja wa ziada wa lulu hubadilisha rangi, na hakuna namba inayokwambia kiwandani ilipigwa mikono mingapi.

Juu ya hayo kuna jua. Namba inakupa rangi kama ilivyokuwa siku gari linatoka kiwandani, ilhali gari lenyewe limekaa Japani miaka, likavuka bahari, na sasa linalala nje Tabata au Mbagala. Rangi moja yenye namba moja pia huwa na matoleo kadhaa yanayopishana kidogo, ndiyo maana duka zuri la kuchanganya rangi litakuuliza aina na mwaka wa gari. Njia ya uhakika ni kufungua kifuniko cha tangi la mafuta, kukisugua kwa polishi hadi uso wa zamani uondoke, na kukipeleka dukani kama sampuli pamoja na namba. Rangi ikishachanganywa, ipigwe kwanza kwenye kipande cha bati, ipigwe klia, ikauke, kisha ishikwe pembeni ya fenda. Itazame juani na kivulini, kwa mbele na kwa ubavu. Taa ya dukani isikudanganye.

Jambo la kukupa moyo ni kwamba bampa lenyewe husamehe kidogo. Bodi ya chuma huokwa kiwandani kwenye joto la nyuzi 140 hivi, joto ambalo plastiki haiwezi kulistahimili, kwa hiyo bampa hupakwa rangi peke yake na kukaushwa kwa joto la chini. Ukichunguza hata gari jipya la metaliki utaona mara nyingine bampa na fenda vinapishana kidogo. Kati ya hivyo viwili kuna mwanya, na bampa limejikunja upande mwingine wa mwanga. Jicho halilalamiki sana.

Sasa pesa. Video nyingi za kupaka rangi nyumbani zinatoka Marekani na Uingereza, nchi ambazo saa moja ya fundi ni ghali kuliko kopo la rangi. Huko kujifanyia mwenyewe kunaokoa pesa nyingi. Kwetu mambo yamegeuka: vifaa vinaagizwa kutoka nje na bei yake inafuata dola, lakini ufundi ni wa bei nafuu. Chukua mfano wa hesabu, kisha badilisha tarakimu kwa bei za mtaani kwako. Bampa zima kwa makopo ya mililita 400 linataka makopo mawili ya rangi iliyochanganywa kwa namba, tuseme shilingi 20,000 kila moja. Praima ya plastiki 20,000. Praima ya kujaza 15,000. Makopo mawili ya klia yenye hadina (dawa ya kuigandisha) ndani, 35,000 kila moja. Msasa, tepu na dawa ya kusafishia 20,000. Na barakoa yenye vichujio vya kaboni 45,000. Jumla ni 210,000. Fundi akikutajia 130,000 kwa kazi nzima, kujifanyia mwenyewe kumekuwa anasa.

Utauliza fundi anapataje faida. Kompresa tayari anayo, na vifaa ananunua kwa lita, akavigawanya kwa magari mengi. Hilo ni halali. Lisilo halali ni anapopunguza mahali ambapo huwezi kuona. Geuza bampa lako utazame upande wa ndani: mengi yamepigwa muhuri wa PP, yaani polipropilini, plastiki ambayo rangi haipendi kuishika. Bila praima yake maalumu rangi itakaa vizuri miezi michache, kisha siku ya kuosha gari kwa mashine ya presha itabanduka vipande vipande. Sehemu ya pili ya kubania ni klia. Ile inayochanganywa na hadina huganda kwa kemikali na kuvumilia petroli na jua. Ile ya kuyeyushwa kwa thina tupu hung'aa siku ya kukabidhiwa gari, halafu hufifia.

Kwa hiyo ukifika gereji usianze na “bei gani, fundi?” Anza na “Fundi, plastiki utaipiga praima gani? Klia ni ya hadina? Bampa utalifungua au utazungushia tepu palepale?” Mwenye kazi yake atajibu bila kusita. Anayekwambia “bosi, wewe niachie tu” amekujibu pia.

Ipo njia ya kati ambayo mwenye gari wa kawaida huisahau: kununua vifaa mwenyewe kwa namba ya rangi, na kumlipa fundi ufundi tu. Kwa mfano uleule, nusu lita ya rangi tayari kupigwa 40,000, klia na hadina yake 30,000, praima ya plastiki 20,000, ufundi 60,000: jumla 150,000. Imezidi bei ya fundi kwa 20,000, lakini unajua kilichomo ndani ya kopo, na rangi inayobaki ni yako. Iweke kwenye chupa ndogo iliyofungwa vizuri, itakufaa kwa vidoa vijavyo. Mimi ningeilipa tofauti hiyo bila kulalamika.

Je, kopo la nyumbani halina nafasi kabisa? Linayo. Rangi ikiwa ya kawaida, mkwaruzo ukiwa chini karibu na barabara, na gari likiwa la kazi, jipigie. Ila fahamu kwamba rangi unaweza kuipiga mahali padogo, lakini klia haikubali kuishia katikati. Ukingo wake huonekana kama pete na baadaye huanza kuinuka. Klia iende hadi mwisho wa bampa au hadi kwenye mkunjo wake, na hapo ndipo akiba ya “kipande kidogo tu” inapoyeyuka. Osha kwa sabuni, futa mafuta, sugua kwa msasa wa 400 kisha wa 600 au 800, praima nyembamba, rangi mikono mitatu myepesi badala ya mmoja mzito unaochuruzika, kisha klia. Bati likikwambia 070, weka kopo chini.

Pwani ina masharti yake. Unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa unaweza kuifanya rangi ya thina iote ukungu mweupe, hasa masika. Jua la adhuhuri nalo huikausha rangi ikiwa bado hewani na kuuacha uso ukikwaruza kama tupa. Asubuhi, umande ukishakauka na upepo ukiwa bado haujaamka, ndio wakati wake.

Na klia ya hadina si ya kuchezewa. Ndani yake mna isosayaneti, kemikali zinazoweza kumwanzishia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke huo. Usiipige sebuleni, barazani penye watoto, wala karibu na jiko la gesi au mkaa. Kama huna barakoa ya vichujio vya kaboni, miwani na glavu, mpe fundi, na yeye pia muulize anavaa nini.

Bampa la mtumba ni la kuzingatia lako likiwa limepasuka au limevunjika masikio ya kushikia. Kwa mkwaruzo mtupu ni kujitafutia kazi. La rangi ileile si lazima lifanane, kwa kuwa lilizeeka kwenye gari jingine. Tena kagua kama limewahi kupakwa upya: vumbi la rangi upande wa ndani na kingo nene kwenye matundu ya taa ni ushahidi. Modeli moja huwa na mabampa zaidi ya aina moja, lenye taa za ukungu na lisilo nazo, kwa hiyo nenda na lako au picha yake.

Bima kubwa kwa mkwaruzo wa bampa siioni kama ina maana. Sehemu unayotakiwa kuchangia mwenyewe mara nyingi humeza dai zima, na punguzo la kutodai linaweza kwenda nalo.

Kabla ya yote hayo, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usipokwama, pengine kilichoumia ni klia tu, au ni rangi ya gari jingine imekubakia. Polishi ya kukata na kitambaa laini vitatosha, na hiyo ndiyo kazi ya rangi ambayo ningemshauri kila mtu aifanye nyumbani. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari lako, gari halina klia juu, basi sugua kwa adabu.

Uamuzi wangu ni huu: 040, 202 na nyingine za kawaida zenye dosari ndogo, kopo linatosha; silva na metaliki nyingine, nunua vifaa umlipe fundi ufundi; nyeupe ya lulu, tafuta fundi mwenye chumba cha kupigia rangi na umlipe anachostahili. Kwa zote tatu, usitoe pesa ya mwisho kabla hujalitazama bampa nje, saa nne asubuhi, likiwa limefungwa pembeni ya fenda.