Mshipa wa Ubongo Umetibiwa, Picha Bado

Mgonjwa aliyetibiwa mshipa wa ubongo akirudi nyumbani Umoja, Kayole au Buruburu, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, nyumba hujaa watu. Wa chama huja na unga na sukari, wa kanisa huja na maombi, na jamaa waliotuma mchango kwa M-Pesa huja kujionea wenyewe. Wakimkuta anatembea na anawaita kwa majina, wote husema neno moja: amepona. Kumbe ndani ya bahasha aliyotoka nayo wodini kuna karatasi inayomtaka arudi baada ya miezi sita kupigwa picha, na hiyo ndiyo husahaulika kwanza.

Ugonjwa wenyewe huitwa anyurizimu. Ukuta wa mshipa wa damu hudhoofika, hasa pale mshipa unapogawanyika, ukatoa kinundu kama tairi kuukuu la baiskeli. Inakadiriwa kuwa watu wazima 3 hivi kwa kila 100 wana kinundu cha aina hii, na wengi wao hawatajua kamwe. Kikipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo na mtu hushikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata. Presha na sigara huongeza hatari, wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, na zipo familia ambamo ugonjwa hujirudia.

Zamani iliaminika kwamba maradhi haya ni nadra kwa Waafrika. Mwaka 2009 Julius Ogeng'o na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha uchambuzi wa rekodi za wagonjwa 56 waliogunduliwa kuwa nayo katika Hospitali Kuu ya Kenyatta kati ya 1998 na 2007. Hao ni wale waliowahi kufika hospitali kubwa na kupigwa picha. Aliyeanguka nyumbani akazikwa bila kupimwa hayumo katika hesabu hiyo.

Njia kongwe ya kutibu ni kufungua fuvu na kuibana shingo ya kinundu kwa klipu, kama alivyofanya daktari Walter Dandy huko Baltimore, Marekani, mwaka 1937. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Guido Guglielmi alileta njia nyingine: mrija mwembamba hupitishwa kinenani, ukapandishwa hadi kichwani, kisha kinundu hujazwa koili laini za platinamu ili damu igande humo ndani. Siku hizi kuna pia neli ya wavu inayolazwa ndani ya mshipa ili damu ikipite kinundu bila kukiingia.

Utafiti uliojulikana kama ISAT, uliotolewa mwaka 2002, ulilinganisha klipu na koili kwa wagonjwa 2,143 ambao vinundu vyao vilikuwa vimepasuka. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa asilimia 23.7 kwa koili na asilimia 30.6 kwa upasuaji. Koili ilishinda, lakini ilikuja na deni lake. Msukumo wa damu unaweza kuzishindilia koili taratibu hadi nafasi ikafunguka upya shingoni mwa kinundu. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kuwa karibu 1 kati ya vinundu 5 vilivyotiwa koili hufunguka tena kwa kiasi fulani, na karibu 1 kati ya 10 huhitaji kutibiwa upya. Mgonjwa mwenyewe hahisi chochote wakati hayo yakitokea. Ndiyo maana kusema "sina maumivu" si sababu ya kukosa miadi.

Si kila picha inamfaa kila mgonjwa. Aliyewekwa koili mara nyingi hupelekwa MRI, kwa kuwa kwenye CT skani platinamu hutoa miale inayoficha sehemu yenyewe inayotafutwa. Ipo mbinu ya MRI inayoonyesha damu inayotembea bila kuchoma sindano ya rangi, wala haina mionzi. Aliyewekwa klipu mara nyingi hufaidika zaidi na CT skani yenye rangi, maana klipu huacha pengo jeusi kwenye MRI. Rangi hiyo ina madini ya ayodini, kwa hiyo mwenye shida ya figo au mzio aseme mapema. Kipimo kinachoaminika kuliko vyote bado ni kile cha kupitisha mrija na kumwaga rangi ndani ya mishipa, kilichoanzishwa na Egas Moniz mjini Lisbon mwaka 1927. Hiki huja na hatari ndogo ya kiharusi, kwa hiyo madaktari hukiagiza kwa sababu maalumu.

Mlangoni mwa chumba cha MRI, simu, sarafu, mshipi na pini za nywele hubaki nje. Mhudumu huuliza zaidi ya mara moja: una chuma chochote mwilini? Swali hilo si la kupitisha muda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mgonjwa mmoja nchini Marekani alifariki baada ya sumaku ya mashine kuisogeza klipu ya zamani iliyokuwa kichwani mwake. Klipu za titani na koili za platinamu za leo hupigwa MRI bila tatizo, lakini mhudumu hawezi kubahatisha. Anahitaji kadi au barua inayotaja kifaa ulichowekewa, jina lake na mwaka. Baada ya hapo huvalishwa viziba masikio, kitanda huingizwa ndani, na mashine hugonga kwa nusu saa hivi huku umetulia tuli.

Kinachowakwamisha wengi Eastlands huanza kabla ya mlango huo. Rufaa ikitoka hospitali ya Mama Lucy Kibaki kwenda Kenyatta, ni matatu ya Jogoo Road na siku nzima bila kibarua. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA imechukua nafasi ya NHIF. Uliza kabla ya siku ya miadi kama kipimo chako kinalipiwa katika kituo hicho, na ni kiasi gani utaongeza mfukoni. Ukihamia kituo cha bei nafuu, beba diski ya picha za awali, si ripoti pekee. Daktari hatafuti tu kama kuna nafasi, anatafuta kama imekua tangu mara iliyopita, na bila picha ya zamani hana cha kulinganisha.

Waliowekewa neli ya wavu wasiache aspirini na klopidogreli kwa ushauri wa jirani, kwa sababu damu inaweza kuganda ndani ya neli. Presha ipimwe mara kwa mara, na sigara iachwe kabisa. Kichwa kikipasuka ghafla kwa maumivu, shingo ikakakamaa au jicho likaanza kulegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya miadi.

Kamati za michango mitaani huhesabu kitanda, upasuaji na dawa, kisha hufunga hesabu mgonjwa akitoka wodini. Picha ya ufuatiliaji ni sehemu ya matibabu hayo hayo. Iingizeni kwenye bajeti siku ile ile mnapoanza kuchanga.