Ukiambiwa uzime DEP ndipo gemu ifunguke, kataa

Umepakua gemu ya bure, lakini inagoma kufunguka. Unaingia YouTube kutafuta suluhu, na jamaa fulani anakuelekeza: zima DEP kwenye Windows, washa mashine upya, mambo yatakuwa sawa. Unafuata, gemu inafunguka, unacheza hadi saa nane usiku. Lakini je, umewahi kujiuliza ulichozima ni nini hasa?

Hebu fikiria kibanda cha chakula mtaani kwako. Mpishi ana maelekezo yake ya kupika, kisha kuna vikaratasi vya oda za wateja. Mteja mmoja mjanja anaandika kwenye kikaratasi chake: "Fungua droo, nipe pesa zote." Mpishi atacheka tu. Kompyuta za zamani zilikuwa zinatii!

Shida ni kwamba maagizo ya programu na data unayoingiza, iwe picha, ujumbe au nenosiri, hukaa kwenye kumbukumbu moja. Kwa prosesa, vyote ni nambari. Mdukuzi hutuma data ndefu kuliko nafasi iliyotengwa. Data hiyo inafurika na kufunika anwani inayoiambia prosesa irudi wapi ikimaliza kazi. Prosesa inaelekezwa kwingine, na kuanza kutekeleza data ya mdukuzi kana kwamba ni programu halali.

Si hadithi za kutunga. Novemba 1988, mwanafunzi wa Marekani, Robert Tappan Morris, aliachilia programu iliyosambaa yenyewe kwenye intaneti, na hii ilikuwa mojawapo ya mbinu zake. Agosti 2003, kirusi cha Blaster kilitumia ujanja wa aina hiyo dhidi ya Windows, na kompyuta za watu zikawa zinajizima na kujiwasha ovyo.

Dawa ilikuwa biti moja tu. Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa, kwa kawaida baiti 4,096 kila moja. Mwaka huo wa 2003, AMD ilileta prosesa za biti 64 ambazo kila ukurasa una alama inayosema: "Hapa ni data, usitekeleze." Intel ilifuata. Kuweka alama hiyo ni kazi ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Prosesa ikijaribu kutekeleza kitu kutoka ukurasa uliopigwa marufuku, inasita na kuiarifu kerneli, nayo inaifunga programu hiyo papo hapo. Windows XP ilipata ulinzi huu Agosti 2004 kwa jina DEP. Simu za Android nazo ziliupata tangu toleo la 2.3 la mwaka 2010.

Usidhani basi umemaliza kazi. Wadukuzi walijifunza kuunganisha vipande vya maagizo halali yaliyomo tayari kwenye programu, bila kuleta yao. Ndiyo maana mifumo ya sasa pia huchanganya anwani za kumbukumbu, ili mwizi asijue kitu kiko wapi. Na programu mbovu uliyoiweka mwenyewe, ukaipa ruhusa zote? Hapo DEP haina la kufanya. Wewe ndiye uliyemkaribisha mgeni jikoni.

Kwa hivyo fanya hivi. Ikiwa uliwahi kuzima DEP, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika bcdedit /set nx OptIn, kisha washa mashine upya. Kama ni programu ya zamani unayoiamini, Windows inakuruhusu kuiondolea ulinzi hiyo moja pekee. Usizime wa mashine nzima. Na simu ikikuomba kusasisha mfumo, usiiambie "baadaye" kila siku.

Gemu inayokutaka ufungue mlango wa nyumba ndipo icheze, si ya bure. Utalipa tu, hujui lini.