Brusela ya Kipimo na Brusela ya Mwilini

Ukiugua homa isiyokwisha upande huu wa mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia Malaba hadi Busia, viungo vikakuuma na jasho likakulowesha usiku, maabara itakurudishia mojawapo ya majibu matatu: malaria, taifodi au brusela. Wengine hupewa mawili kwa mpigo. Brusela ndiyo inayomkalisha mtu chini, kwa sababu dawa zake humezwa wiki sita. Tena ni jibu linaloaminika upesi. Nani hapa hajawahi kunywa maziwa mabichi, au kusaidia ng'ombe aliyetupa mimba, au kufanya kibarua cha kuchinja?

Mtafiti W. A. de Glanville na wenzake hawakuliamini upesi hivyo. Walichukua damu ya watu 825 wenye dalili zinazofanana na za brusela katika vituo viwili vya afya vya Kaunti ya Busia, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2017. Kipimo kilichozoeleka katika hospitali za Kenya kilisema watu 162 wanao ugonjwa. Damu ileile ilipopitishwa kwenye kipimo kiitwacho Rose Bengal, waliokutwa nao walikuwa 8. Wale 162 wakachunguzwa zaidi kwa njia za kuthibitisha. Katika njia ya zamani inayotumia kipimo cha Coombs, mmoja alionyesha mshikamano usio wa kawaida na watatu wakawa na viwango vya chini. Waliobaki hawakuonyesha kitu kwa njia hiyo.

Ajabu ni kwamba vipimo hivyo viwili ni ndugu. Vyote hutafuta kingamwili, si bakteria mwenyewe. Vyote hutumia bakteria wa Brucella waliouawa na kutiwa rangi. Unaweka tone la seramu ya mgonjwa kwenye kigae cheupe, unaweka tone la bakteria kando yake, unachanganya kwa kijiti na kukitikisa kigae taratibu. Kama seramu ina kingamwili za kutosha, zitawakamata bakteria na kuwafunganisha, na ile rangi iliyokuwa laini itakatika chengachenga. Rose Bengal husomwa baada ya dakika nne. Ukichelewa, tone hukauka pembezoni na kukuonyesha chenga ambazo hazipo.

Basi pengo la 162 na 8 linatoka wapi? Inabidi tuitazame ngozi ya bakteria jinsi kingamwili zinavyoiona.

Brucella ni wa kundi la bakteria wenye tando mbili. Utando wa nje ndio unaokutana na damu yetu, na umesheheni protini: nyingine ni milango ya kupitishia chakula, nyingine ni mihimili ya kuushikilia utando usipasuke. Kati ya protini hizo huchomoza minyororo mirefu ya sukari, iliyoshikizwa kwenye mafuta ya utando. Swali lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi lilikuwa hili: katika protini hizo zote, ni zipi zinazochungulia nje, na zipi zimejificha ndani ya utando? Ukimponda bakteria na kuzitenganisha protini zake utapata orodha, lakini orodha haikuambii kitu kiko wapi.

Kifaa cha kulijibu swali hilo kilipatikana mwaka 1975. Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika. Seli iliyozaliwa hapo hutoa kingamwili ya namna moja tu, inayotambua kipande kimoja kidogo cha protini moja na kupita vingine vyote. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Ukiwa na kingamwili ya namna hiyo, unaweza kumchukua bakteria mzima, asiyepasuliwa, ukamwogesha ndani yake. Ikimnata, kile kipande kiko nje. Isiponata kwa bakteria mzima lakini ikanata kwa aliyevunjwa, kipande kiko ndani.

Mwaka 1990 Axel Cloeckaert na wenzake walitoa ramani ya Brucella iliyochorwa kwa njia hiyo. Walizifuatisha kingamwili zao na punje ndogo mno za dhahabu, kisha wakatazama kwa darubini ya elektroni. Dhahabu huonekana kama vitone vyeusi, na kila kitone ni mahali ambapo protini imeguswa. Walitambua protini saba zilizo wazi upande wa nje. Lakini kwangu idadi hiyo si habari kubwa kama tofauti waliyoiona kati ya aina mbili za bakteria. Kwa bakteria waliopoteza minyororo ya sukari, vitone vilijaa. Kwa wale wenye minyororo kamili, ambao ndio wanaowaumiza watu na ng'ombe, vilikuwa vichache. Protini zipo palepale, ila sukari imezifunika, kama matete ya Mto Sio yanavyouficha mtumbwi uliofungwa ufukoni.

Hapo ndipo kigae cha maabara kinapoeleweka. Mwili wa mgonjwa hukutana kwanza na matete, na kingamwili zake nyingi hutengenezwa dhidi ya matete. Ndiyo maana Rose Bengal hufanya kazi vizuri: humwonyesha mgonjwa bakteria mwenye sukari kamili na kuuliza kama damu yake imewahi kuiona. Ubaya ni kwamba sukari hiyo si mali ya Brucella peke yake. Yersinia enterocolitica wa aina ya O:9, anayesababisha kuhara, ana mnyororo unaokaribia kufanana nao kabisa. Bakteria wa kipindupindu ana sukari ya ukoo huohuo. Damu iliyopigana na mmoja inaweza kumshika mwingine.

Udhaifu huo unavipata vipimo vyote viwili, kwa hiyo haulielezi pengo la Busia. Kinachovitenga ni maandalizi. Kimiminika cha Rose Bengal hutiwa asidi, kiwango chake kikiwa karibu pH 3.65, na asidi hiyo huzilegeza kingamwili zinazonata ovyo bila kuziachisha zile zinazoshika sawasawa. Vilevile kimewekewa masharti ya kimataifa kuhusu bakteria gani atumike na ukali wa kimiminika upimwe vipi. Chupa za kile kipimo kingine hutoka viwanda mbalimbali, na kwa kawaida hazina asidi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo ramani ya 1990 inalifanya lionekane wazi. Brucella akifugwa maabara kwa muda mrefu anaweza kupoteza minyororo yake. Akishafyekwa matete, protini zake hubaki uchi, na protini za utando zina mifanano mingi kati ya bakteria mmoja na mwingine. Juu ya hayo, bakteria aliyefyekwa hushikana na wenzake hata kwenye maji ya chumvi, bila kingamwili yoyote kuwapo. Mtengenezaji asiyekagua hilo kila mara atauza chupa inayosema "ndiyo" kwa mtu yeyote.

Hesabu nayo haina huruma. Chukua wagonjwa 1000 wa homa mahali ambapo brusela ni adimu, tuseme wanayo 10. Kipimo kikiwasingizia watu 190 tu, na kisimkose hata mgonjwa mmoja wa kweli, utakuwa na majibu 200 ya "ndiyo", na katika kila watu 20 waliopewa jibu hilo, 19 hawana brusela. Kipimo kilekile kikitumika kwa wafugaji ambao brusela imewaenea kweli, kitaonekana hodari kuliko kilivyo.

Mpakani hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu mgonjwa hakai. Dereva wa lori aliye kwenye foleni ya Malaba huingia kliniki ya karibu, akatolewa damu, akapewa jibu na dawa, na kesho yake yuko Tororo au mbele zaidi. Kumwambia arudi baada ya siku kadhaa kwa kipimo cha kuthibitisha ni kumwambia asirudi. Hii ndiyo hoja inayonifanya nione Rose Bengal ingefaa kuwa ya kwanza kwenye kaunta, si ya kuthibitishia: inachukua dakika nne zilezile na haihitaji mashine.

Wengine waliona dawa ya yote ni kuachana na sukari na kupima protini, kwa kuwa ramani sasa ipo. Wazo ni zuri, ingawa kwa mifugo lina kikwazo chake, maana chanjo iitwayo RB51 imetengenezwa kwa Brucella asiye na minyororo, kusudi vipimo vya sukari visimchanganye ng'ombe aliyechanjwa na mgonjwa. Tena vipimo vya protini havijafikia uwezo wa vile vya sukari wa kumnasa aliyeambukizwa. Protini iliyofichwa na matete kwenye darubini imefichwa pia ndani ya mwili, na wagonjwa hawafanani katika kuitengenezea kingamwili.

Wakati huo mgonjwa aliyesingiziwa anameza doksisaiklini pamoja na rifampisini, au pamoja na sindano za streptomaisini. Mbili hizi za mwisho ni dawa za kifua kikuu. Nacho kifua kikuu huanza kwa homa ndefu, jasho la usiku na kukonda, kikiingia kwenye uti wa mgongo kinauma kama brusela, na doksisaiklini haikitibu. Mwenye kifua kikuu akipewa doksisaiklini na rifampisini hubaki akitibiwa kwa dawa moja pekee kwa wiki sita. Atapata nafuu kwa muda, na bakteria watakaosalia mapafuni mwake huenda wakawa ni wale ambao rifampisini haiwawezi tena.