Pilates
Pilates ni mfumo wa mazoezi ya mwili unaolenga kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na nyonga kwa miondoko ya polepole inayoendana na pumzi.

Historia
Jina limetokana na Joseph Pilates (1883–1967), Mjerumani aliyezaliwa Mönchengladbach. Utotoni aliugua pumu na matege, akatafuta nguvu katika mazoezi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alizuiliwa kambini nchini Uingereza. Katika miaka ya 1920 alihamia New York, Marekani, ambako yeye na mkewe Clara walifundisha wacheza dansi wengi.

Mwaka 2000 mahakama ya Marekani iliamua kwamba neno "Pilates" haliwezi kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja. Kwa hiyo mwalimu yeyote anaweza kulitumia, na mwanafunzi anafaa kuuliza mwalimu wake amesomea wapi.

Kwa wanaoanza
Mazoezi mengi hufanyika juu ya mkeka, bila vifaa. Zoezi maarufu huitwa "mia": mtu hulala chali, huinua kichwa na miguu, kisha hupandisha na kushusha mikono mara 100, akivuta pumzi kwa hesabu 5 na kuitoa kwa hesabu 5. Anayeanza huweza kukunja magoti na kuacha kichwa na nyayo sakafuni. Misuli kutetemeka ni jambo la kawaida, lakini maumivu makali ya shingo au mgongo ni ishara ya kuacha.

Mara nyingi Pilates huchanganywa na barre, mazoezi ya kushika ufito wa baleti yaliyoanzishwa London na Lotte Berk mwaka 1959.