Uzi, Sindano na Wanale

Fundi cherehani wa Nakaloke, karibu na mji wa Mbale, akishavuka miaka 40, sindano huanza kumkimbia. Anaisogeza mbali, anakodoa, analamba uzi mara ya tatu, mwisho anaita mtoto: "Njoo unitungie." Atalaumu uzi, atalaumu taa. Kumbe ni lenzi ya jicho lake mwenyewe.

Lenzi hiyo hukaa nyuma ya mboni. Utotoni ni laini. Ukitazama karibu hutuna, na mtoto wa miaka 10 huona bila shida kitu kilicho sentimita 8 tu kutoka jichoni. Miaka ikienda, lenzi hukakamaa, msuli ukiiamuru haitii. Madaktari huita hali hii presbiopia. Huko Kongwa, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliikuta kwa watu wapatao 6 kati ya kila 10 wenye miaka 40 na zaidi.

Wasiopenda miwani huuliza habari za lenzi za kuvaa jichoni. Zipo, na zina ujanja. Njia ya kwanza ni kulipa jicho moja kazi ya mbali na jingine ya karibu. Ubongo hujizoeza kulipuuza lenye ukungu. Kwa kawaida jicho kuu ndilo hupewa mbali. Kulijua lako ni rahisi: asubuhi isiyo na mawingu, kutanisha viganja ubakize tundu dogo, nyoosha mikono, ulenge poromoko moja la maji kwenye jabali la Wanale, kule juu ya mji wa Mbale. Fumba jicho moja, kisha jingine. Linalobaki na poromoko ndani ya tundu ndilo kuu.

Ila kina cha kitu hupimwa na macho mawili yakishirikiana. Ukiyatenganisha, tundu la sindano linarudi kuwa la kubahatisha, na tulichokuwa tunatafuta ni hilo hilo tundu!

Njia ya pili ni lenzi yenye duara ndani ya duara, kila moja na nguvu yake. Picha ya mbali na ya karibu huingia pamoja, ubongo ukachagua. Mchana sawa. Usiku, kwenye barabara ya Soroti, taa za malori huweza kuota pete za mwanga.

Halafu kuna usafi. Lenzi haioshwi kwa maji ya bomba wala ya kisima, sembuse mate: majini huweza kuwamo akantamiba, kijidudu kinachotafuna kioo cha jicho hadi upofu. Dawa maalumu ya kuoshea lenzi hununuliwa tena na tena, na vumbi la kiangazi halina huruma.

Kwa fundi wetu, mimi nashika miwani ya kusomea. Akapimwe macho kwanza, maana si kila ukungu ni umri. Akichagua, aende na sindano na uzi wake, aishike pale anapoishika kazini, aanze na namba ndogo, +1.00, apande taratibu. Inayomwezesha kutunga bila kuinama ndiyo yake. Ikizidi hapo, itamvuta pua hadi kwenye kitambaa.